UKITUPA UCHAWI, UNAANGUKIA KWA NANI?

Ndugu msomaji, jina la mji wetu lina maana yake. Kwa Kifipa, Sumbawanga ni "tupa uchawi". Wazee husimulia kwamba mgeni aliyekuja huku na mambo yake ya giza alitakiwa ayaache huko huko njiani kabla hajakanyaga mji. Toka utotoni nimelisikia jina hilo na kujivunia. Ni watu wangapi duniani wanaoishi katika mji ambao jina lake tu ni amri ya kuacha uovu?

Lakini siku hizi kuna jambo linanisumbua. Uchawi ukitupwa hauyeyuki kama umande. Lazima uangukie mahali. Je, yule aliyeutupa aliwahi kugeuka nyuma akatazama umemwangukia nani?

Swali hili sikulipata kitabuni. Lilinijia kwa simu.

Mjomba wangu anaishi bondeni, upande wa Muze, ukishateremka ule ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Huku juu mwezi wa sita tunavaa makoti. Kule bonde la Rukwa watu wanatafuta kivuli. Analima mpunga, mahindi na ufuta. Jioni moja akanipigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba." Sisi tunaitana hivyo hivyo, yeye mimi na mimi yeye. "Sikiliza. Wewe ndiye uliyesoma. Wamekuja watu hapa wanataka tulime nyonyo. Wanasema mafuta yake yatakwenda Ulaya kuendeshea ndege, ili hewa ya dunia isichafuke. Niwape ekari tano ama nisiwape?"

Nilitaka kucheka. "Uliyesoma" yenyewe ni kidato cha nne, na matokeo yake tuyaache. Lakini sauti ya mjomba haikuwa na mzaha. Nikamwomba wiki moja nifikiri. Wiki ikawa mwezi. Makala hii ndiyo hesabu ya mwezi huo.

* * *

Kwanza lazima nieleze kwa nini mzee huyu anauliza badala ya kukubali. Mwaka 2008, mie nikiwa shule ya msingi, yalizuka maneno nchini kote kuhusu mibono, ule mti ambao sehemu nyingi huitwa mbono kaburi. Ilisemwa kuwa ni dhahabu ya kijani. Eti haihitaji mvua, haihitaji mbolea, inaota hata kwenye ardhi iliyokufa, na mbegu zake zinatoa dizeli. Bondeni walipita wachuuzi wakinadi mbegu na kuahidi kurudi kununua mavuno. Mjomba akapanda uzio mzima kuzunguka shamba, na ndani akatoa nusu ekari ya ufuta akaweka mibono.

Mibono ikaota. Wachuuzi hawakurudi. Mbegu za mbono ni sumu, hivyo hata kuzila haiwezekani, wala mbuzi hawazitaki. Alijaza magunia mawili akayaweka darini mpaka panya wakahama. Baadaye aling'oa ile nusu ekari kwa jembe, mzizi kwa mzizi. Uzio upo hadi leo.

Mjomba hakupoteza vingi. Ni ufuta wa misimu mitatu na maumivu ya mgongo. Wapo waliopoteza zaidi, nami nitawafikia. Ila nilipokuwa mtoto niliamini kosa ni la wachuuzi wale peke yao. Nilipokua na kuanza kusoma magazeti ya zamani nikagundua kwamba hata wachuuzi walikuwa wanakimbilia kitu. Palikuwa na upepo mkubwa uliotoka mbali, na sisi tuliona vumbi lake tu.

* * *

Upepo wenyewe ulikuwa hivi. Nchi tajiri zilijua kwamba petroli na dizeli zinaichafua hewa na kuipasha dunia joto. Hilo ni kweli, wala sibishi. Basi zikajiwekea shabaha. Uingereza, kuanzia mwaka 2008, iliwalazimisha wauza mafuta kuchanganya kiasi fulani cha mafuta ya mimea. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria: ifikapo mwaka 2020, asilimia 20 ya nishati yake yote iwe jadidifu, na katika usafiri kila nchi mwanachama ifikishe asilimia 10. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 2007, ilipanga kufikia galoni bilioni 36 za mafuta ya mimea kwa mwaka ifikapo 2022.

Sasa jiulize, mwenzangu: asilimia 10 ya mafuta ya magari ya Ulaya yatoke katika shamba lipi? Ulaya ina mashamba, lakini ina magari mengi zaidi. Watu wakafungua ramani. Wakaona Indonesia na michikichi yake, wakaona Brazil na miwa yake, wakaona na Tanzania, nchi ambayo kwenye karatasi ina ardhi tele "isiyotumika".

Katika maandishi yote, neno lililoniumiza zaidi ni hilo la "isiyotumika". Mwitu ambao mama anaokota kuni na uyoga hautumiki. Uwanda ambao ng'ombe wanalisha kiangazi hautumiki. Shamba lililopumzishwa ili udongo upate nguvu halitumiki. Kumbe kutumika maana yake ni kutumika kwa mtu mwenye karatasi!

Kisarawe, mkoani Pwani, kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11, kwa miaka 99, ilime mibono. Kampuni ikayumba na kuanguka mwaka 2011, na mamia ya wafanyakazi wakabaki bila kazi. Kilwa, kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilipata hekta zipatazo 34,000. Miti ya asili ikaangushwa, na mwaka 2010 kampuni ikafilisika. Kwetu Rukwa, Mpanda ilipokuwa bado haijaingia mkoa mpya wa Katavi, kampuni ya Kijerumani ya Prokon ilifuata njia nyingine: haikutwaa ardhi, ilifanya mikataba na wakulima wadogo wapande mibono katika mashamba yao wenyewe. Hiyo ilikuwa njia ya kiungwana zaidi. Lakini kampuni mama huko Ujerumani nayo iliomba ufilisi Januari 2014.

Kuna jambo moja la sheria ambalo kila kijana anapaswa kulijua. Kwa sheria za ardhi za mwaka 1999, ardhi ya kijiji ikitolewa kwa mwekezaji wa nje huhamishwa kwanza na kuwa ardhi ya jumla. Mwekezaji akishindwa akaondoka, ardhi haimfuati, lakini pia hairudi yenyewe kijijini. Inabaki pale, kama mke aliyeachwa bila talaka. Shabaha ya Ulaya ikikosewa, Ulaya inaandika shabaha nyingine. Kijiji kikikosea, kimekosea kwa vizazi vitatu.

* * *

Niliyaeleza haya yote kijiweni, pale karibu na stendi, nikidhani nitashangiliwa. Rafiki yangu mmoja, mwendesha bodaboda, akanikata maneno.

"Wewe unapenda sana kulia kwa niaba ya watu," alisema. "Nani alikwambia mkulima hataki kuuza nje? Tumbaku inaliwa? Pamba inaliwa? Kahawa je, bibi yako wa Ufipa aliinywa lini? Miaka yote tunalima vya watu. Leo mtu akitaka kununua nyonyo, wewe na kalamu yako unamzuia mjomba wako asipate hela."

Nikamjibu kwa hoja ya chakula, ile inayopendwa na wengi. Nikamwambia, gunia la mahindi la kilo 100 hutoa lita 40 hivi za ethanoli. Tangi la gari dogo linakunywa gunia zima na bado linadai. Gunia hilo hilo, kwa nusu kilo ya unga kwa kila mtu kwa siku, linalisha nyumba ya watu sita zaidi ya mwezi. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2007 Jean Ziegler, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya chakula, alifika mahali pa kusema kuwa kugeuza chakula kuwa mafuta ya gari ni jinai dhidi ya binadamu.

Yule bwana akaweka kikombe chini. "Umesahau 2017?"

Sikuwa nimesahau. Mwaka ule serikali ilipiga marufuku kusafirisha mahindi nje ya nchi, taifa lisije likakaukiwa chakula. Nia ilikuwa njema. Lakini Rukwa ni mkoa wa mahindi, na mahindi yalikosa soko. Watu walikuwa na magunia hadi uvunguni mwa kitanda na hawakuwa na ada ya shule.

"Mfipa hana njaa ya mahindi," rafiki yangu akasema. "Ana njaa ya bei. Siku ile angetokea mtu wa kuyachoma mahindi yetu kwenye ndege yake, tungempa na mbuzi juu."

Nilinyamaza. Niliporudi nyumbani nilikuwa na hasira, na hasira ya mtu aliyeshindwa hoja ndiyo mbaya kuliko zote. Usiku nikakubali moyoni kwamba ana haki. Hoja ya chakula ni ya kweli ikitazamwa dunia nzima, maana bei ikipanda maskini wa mjini ndiye anayelala njaa. Lakini haiwezi peke yake kumwambia mjomba asilime nyonyo. Nyonyo si chakula, ufuta nao ni wa kuuza, na shamba ni lake. Mimi ni nani nimpangie?

Basi kosa liko wapi? Maana moyo ulikuwa bado unanikataza.

* * *

Jibu nililipata kwenye magofu.

Ukizunguka vijiji vya Ufipa utakuta mabaki ya matanuri ya udongo, marefu kuliko mtu, ambamo wahenga wetu waliyeyusha chuma. Yanaitwa malungu. Walipanga ndani mawe ya chuma na mkaa, wakawasha, upepo ukaingia wenyewe kwa matundu ya chini bila mtu kuvukuta. Walifua majembe, mashoka na mikuki. Kazi hiyo ilikufa enzi za wakoloni, jembe la dukani lilipoingia.

Nilikaa kwenye kivuli cha tanuri moja nikawaza. Watu wale hawakuwa malaika. Walikata miti mingi, na leo uwanda wetu ni nyasi tupu, upepo unapita bila kugonga mlango. Lakini aliyekata mti alikiona kisiki. Moshi ulimwingia machoni yeye mwenyewe. Jembe lililotoka lililima shamba la kijiji kile kile. Na kama mlima ungeisha miti, ni yeye na wanawe ambao wangetembea mbali kutafuta kuni. Faida na hasara zilikaa chungu kimoja.

Mafuta ya mimea yanayotoka ng'ambo yamevunja chungu hicho. Faida inakaa Ulaya, kisiki kinabaki Kilwa. Hata hesabu imegawanywa hivyo hivyo. Katika vitabu vyao, moshi wa mafuta ya mimea unapotoka kwenye bomba la gari huandikwa sifuri, kwa hoja kwamba mmea uliunyonya ulipokuwa unakua. Walikataza mafuta yaliyolimwa kwenye msitu uliofyekwa baada ya Januari 2008. Vizuri. Lakini mkulima akiacha shamba lake la zamani lilimwe mafuta, yeye atakwenda kufyeka wapi ili ale? Moshi wa huko kwa muda mrefu haukuandikwa popote. Wao wenyewe walikuja kuliona, na mwaka 2015 wakaweka kikomo: mafuta yatokanayo na mazao ya chakula yasizidi asilimia 7 katika usafiri. Nawapongeza kwa kujisahihisha. Ila mwaka 2015 magunia ya mjomba yalikuwa yameshaliwa na vumbi, na Kisarawe walikuwa wameshaachwa. Marekebisho yalikwenda kwa walioweka shabaha, hayakwenda kwa waliolengwa.

Ndiyo maana nasema kulima cha mtu mwingine si dhambi. Dhambi ni mtu kujiita msafi kwa uchafu aliousogeza tu, kisha asitake hata kujua umekwenda wapi. Nani hajamwona jirani anayefagia uwanja wake kila asubuhi na takataka zote akazisukumia kwa mwenzake? Uwanja wake unang'aa kweli. Lakini utamwita msafi?

* * *

Nilipofika hapo nikajiona nimemaliza, nikachukua kalamu. Taa ikawaka juu ya meza, nami nikajikuta naitazama.

Mji wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulipata umeme kutoka Zambia. Taa niliyosomea kitabu changu cha kwanza cha hadithi ilikuwa ya Zambia. Na umeme wa Zambia kwa sehemu kubwa ni wa maji: Kafue na Kariba. Bwawa la Kariba lilipojengwa miaka ya 1950, Watonga wapatao 57,000 wa bonde la Zambezi walihamishwa, maji yakafunika mashamba na makaburi yao. Katika hotuba za wakubwa, hiyo nayo ni nishati safi.

Kwa hiyo mimi, ninayewanyooshea kidole watu wa Ulaya, nimejifunza kusoma kwa mwanga ambao ulimwangukia mtu mwingine kama giza. Sikumwomba ruhusa. Sikujua hata kama yupo. Na jikoni kwa mama yangu je? Anapikia mkaa unaoteremshwa kwenye magunia kutoka kwenye misitu ambayo hatuioni, ukikosekana anachoma magunzi ya mahindi. Taifa nalo limejiwekea shabaha yake: ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Nafurahi, maana najua kikohozi cha mama. Lakini gesi ya mtungi inakuja kwa meli, na mtungi ukiisha mwisho wa mwezi, ni mama anayebaki na mtungi mtupu, siyo shabaha.

Hapo nikaelewa kwamba swali langu halina upande wa mzungu na upande wa mweusi. Kila taa ina mtu wa upande wa giza. Hatuwezi kuzima taa zote, wala sitaki kuandika riwaya yangu kwa kibatari. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayejua deni lake na mtu anayeapa kwamba hadaiwi. Anayejua deni atauliza: amelipwa nani, ameulizwa nani, na mambo yakiharibika nani atabaki amesimama shambani? Asiyejua ataita deni lake usafi, na atamdharau aliyemkopesha.

* * *

Watu waliokuja kwa mjomba si ndoto. Upepo umeanza tena. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua Makueni, nchini Kenya, kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta, nyonyo zikiwemo, na mafuta hayo hupelekwa Italia. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliweka sheria kwamba mafuta ya ndege katika viwanja vyake yachanganywe na mafuta safi: asilimia 2 kuanzia 2025, asilimia 6 ifikapo 2030, hadi asilimia 70 ifikapo 2050. Mazao ya chakula safari hii hayakubaliwi. Wamejifunza. Ndiyo maana sasa wanatafuta nyonyo, na ndiyo maana lile neno la zamani, ardhi isiyo na kazi, limerudi likiwa limevaa suti mpya.

Nilimpigia mjomba. Sikumwambia akubali, sikumwambia akatae. Nilimwambia, mjomba, wale watu wakija tena uwaulize mambo manne, tena mbele ya mkutano wa kijiji, mwenyekiti akiwepo na mtendaji akiandika. La kwanza, bei ni kiasi gani, na imeandikwa wapi? La pili, sheria ya kwao ikibadilika wasihitaji tena nyonyo, nani atanunua zilizoko darini? La tatu, shamba litabaki langu na la kijiji, au kuna karatasi ya kulihamisha? La nne, mkikosa mavuno mtakula hasara mezani pamoja nami, au mtaondoka na gari lenu?

Alinyamaza kidogo. Nikasikia kuku, nikasikia mtoto analia.

"La nne ndilo," akasema. "Hayo mengine watajibu, wana maneno. La nne watatazama saa."

"Na wasipotazama saa?"

"Nitawapa ekari moja. Siyo tano. Nne ni za ufuta." Kisha akacheka. "Na ule uzio wa mibono sing'oi. Uko pale nisisahau."

Ndugu msomaji, wewe uliyeko Dar, Mwanza au Mbeya, nawe una taa mezani. Sikuombi uizime. Soma, andika, fanya kazi yako. Lakini siku moja, kabla ya kulala, jiulize mwanga huo umetoka wapi na umemwacha nani gizani. Wahenga wa hapa walituamuru tuutupe uchawi. Walisahau kutuambia tukatazame ulikoangukia. Kazi hiyo wametuachia sisi.